Bingwa wa pingu aliyeshindwa na tumbo lake

Samuye. Nilifika nyumbani jioni ya Jumamosi nikamkuta mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka minane, amefungwa kwenye nguzo ya zizi. Mikono iko nyuma, kamba ya kufungia ndama imezungushwa kifuani mara nne, na wenzake watatu wamesimama pembeni wanahesabu kwa sauti. Walikuwa wamefika 60 na kitu.

“Shikamoo shangazi,” alinisalimia akiwa hapohapo kwenye nguzo. “Usinifungue. Natoka mwenyewe.”

Hakutoka. Walipofika 200 nilimfungua mimi, kamba ikiwa imemwachia alama nyekundu mikononi na kifuani. Nilipouliza mchezo huo umetoka wapi, waliniambia wameona video kwenye simu ya kaka wa mmoja wao. Mzungu alifungwa minyororo, akatumbukizwa majini, kisha akatokea anacheka.

Mama yangu alikuwa kwenye mkeka anabangua karanga. Hakuinua hata kichwa.

“Huyo mzungu wenu si wa kwanza,” alisema. “Ng’wanamalundi alifungwa na Wajerumani wenyewe.”

Usiku ule niliwaahidi watoto kuwa nitawasimulia maisha ya huyo mzungu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama mwandishi wa habari za afya nilikuwa na sababu yangu. Video zinaonyesha anavyotoka kwenye minyororo, lakini hazionyeshi alivyokufa. Na alivyokufa ni jambo ambalo kila mzazi mwenye mtoto anayelalamika tumbo anapaswa kulijua.

Kwa hiyo ukurasa wa wiki hii una sehemu mbili. Ya kwanza msomee mwanao. Ya pili ni yako.

Kabla ya mzungu, Ng’wanamalundi

Kwa msomaji asiye wa kanda hii, Ng’wanamalundi ndiye anayetajwa kwanza Usukumani watu wakizungumzia maajabu. Jina lake lilikuwa Igulu Bugomola, mtu wa Nera, Kwimba, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee husema jina la Malundi alipewa kwa sababu ya miguu yake mirefu. Kaburi lake liko Seke, wilayani Kishapu.

Simulizi zake kila nyumba inazo. Akinyoosha kidole, mti unakauka. Wajerumani wakimfungia ndani, askari wanamkuta nje anaota jua na mlango haujaguswa. Mama yangu husimulia hayo kama mtu aliyekuwepo, na watoto humsikiliza bila kupepesa macho.

Tofauti ya yule mzungu ni kwamba yeye mwenyewe alisema kuwa hana jini wala uchawi. Alisema ni mazoezi na ujanja. Ndiyo maana maisha yake yanafaa kumfundishia mtoto.

MSOMEE MWANAO: Erik aliyejiita Houdini

Tarehe 24 Machi 1874, katika mji wa Budapest nchini Hungary, alizaliwa mtoto aliyeitwa Erik Weisz. Baba yake alikuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Erik alipofikisha miaka minne, familia ilipanda meli ikahamia Marekani, kwenye mji mdogo uitwao Appleton.

Baba alipata kazi ya kuongoza ibada, lakini baada ya miaka michache kazi hiyo ikaisha. Wakahamia mji wa Milwaukee, na huko maisha yakawa magumu. Erik na ndugu zake waliuza magazeti na kung’arisha viatu mitaani ili nyumbani wapate chakula.

Erik alipenda sana sarakasi. Alipokuwa na miaka tisa alipanda kwenye bembea mbele ya watu, akaonyesha michezo ya hewani. Baadaye familia ilihamia New York, naye akapata kazi ya kukata vitambaa katika kiwanda cha tai. Muda wake wa ziada aliutumia kukimbia na kuogelea. Hakuwa mrefu, lakini mwili wake ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe.

Siku moja alisoma kitabu cha maisha ya mwanamazingaombwe wa Ufaransa aliyeitwa Robert-Houdin. Kilimkaa kichwani. Akaongeza herufi moja kwenye jina hilo, akajiita Houdini. Jina la kwanza likawa Harry. Alipofikisha miaka 17 aliacha kiwanda akaanza kuonyesha mazingaombwe.

Unadhani alipata utajiri siku hiyohiyo? Hapana. Kwa miaka mingi alifanya maonyesho kwenye vibanda vidogo kwa malipo kidogo. Mwaka 1894 alimwoa Bess, akawa mwenzake jukwaani. Mmoja alifungwa ndani ya gunia, gunia likaingizwa kwenye sanduku, sanduku likafungwa kwa kufuli. Mwingine alisimama nje, akapiga makofi mara tatu. Kufumba na kufumbua, aliyekuwa nje yuko ndani ya gunia, na aliyekuwa kwenye gunia yuko nje!

Mwaka 1899 mfanyabiashara wa maonyesho aitwaye Martin Beck alimwona akifungua pingu. Akamshauri aachane na mengine, ashike hilo. Mwaka uliofuata Houdini na Bess walikwenda Ulaya. Kila mji walioingia, Houdini aliwaambia polisi: nifungeni kwa pingu zenu. Wakamfunga. Akatoka.

Machi 1904, jijini London, gazeti moja lilimletea pingu ambazo fundi alizitengeneza kwa miaka mitano. Watu wapatao 4,000 walijaa ukumbini. Houdini akaingia nyuma ya pazia dogo. Dakika 20 zikapita. Dakika 40. Akatoka na kuomba afunguliwe kidogo ili avue koti, maana alikuwa analowa jasho. Wakakataa. Basi akachomoa kisu kidogo mfukoni, akakifungua kwa meno, akalikata koti lake vipandevipande mbele ya watu, kisha akarudi nyuma ya pazia. Baada ya zaidi ya saa moja alitoka mikono ikiwa huru. Watu walimbeba mabegani, naye akalia.

Mwaka 1908 alianza kuingia kwenye dumu kubwa la chuma la maziwa lililojazwa maji hadi juu, kisha likafungwa kwa makufuli sita. Aliwaambia watazamaji wabane pumzi pamoja naye. Wote walishindwa, yeye bado yuko ndani. Mwaka 1912 akaja na kisanduku cha kioo kilichojaa maji, akawa anateremshwa humo kichwa chini, miguu imebanwa juu.

Sasa sikiliza siri zake. Ya kwanza ni mazoezi. Alikuwa akilala kwenye beseni la kuogea lenye maji na barafu, anajizoeza kubana pumzi kidogo zaidi kila siku. Ya pili, alizisoma kufuli kama wewe unavyosoma kitabu, akazijua kwa ndani. Ya tatu, alipofungwa kamba alivuta hewa na kukaza misuli ili mwili uvimbe. Akishusha pumzi, kamba inalegea.

Ya nne ndiyo wengi hawaijui. Houdini hakuwa peke yake. Alipokuwa ndani ya kisanduku cha maji, msaidizi alisimama karibu na shoka mkononi, tayari kuvunja kioo. Mwaka 1915 huko California alifukiwa kwenye shimo lenye kina cha karibu mita mbili, ajaribu kutoka. Udongo ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akashikwa na hofu, pumzi zikamwishia. Mkono wake ulipochomoza juu, wasaidizi wake walimvuta akiwa amezimia. Bila wao, hadithi yetu ingeishia hapo.

Uzeeni hakufika, lakini miaka yake ya mwisho aliitumia kufanya jambo jema. Marekani kulikuwa na watu waliochukua fedha za wafiwa wakidai wanaongea na marehemu wao. Houdini, ambaye alimlilia sana mama yake aliyefariki mwaka 1913, aliona uongo huo ni ukatili. Alivaa ndevu za bandia na miwani, akaketi kwenye vikao vyao gizani, kisha akawaumbua hadharani kwa kuonyesha ujanja wanaoutumia.

Oktoba 1926 alikuwa Montreal, Canada. Alikuwa amelala kwenye kochi, mguu mmoja una jeraha la kifundo. Mwanafunzi mmoja wa chuo akamuuliza kama ni kweli anaweza kuvumilia ngumi za tumbo. Kabla Houdini hajakaza misuli, yule kijana akampiga mara kadhaa. Usiku tumbo likauma. Hakumwona daktari. Akapanda treni kwenda Detroit, kwa sababu tiketi za onyesho zilikuwa zimeshauzwa.

Huko Detroit daktari alimpima akasema huyu ni wa hospitali, tena sasa hivi. Houdini akapanda jukwaani akiwa na homa ya nyuzi 40. Alipopelekwa hospitali na kupasuliwa, madaktari walikuta kidole tumbo kimeshapasuka na usaha umesambaa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1926, akiwa na miaka 52.

Aliyetoka kwenye pingu, dumu na kaburi alishindwa kusema neno moja dogo mapema: naumwa.

*Mwisho wa simulizi. Mtoto akishalala, endelea hapa chini.*

Ngumi au kidole tumbo?

Watu wengi husema Houdini aliuawa na ngumi. Madaktari hawaafiki moja kwa moja. Ni nadra sana kipigo kuanzisha ugonjwa wa kidole tumbo. Kinachoelekea zaidi ni kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza, na ngumi zikamfanya adhani anajua chanzo cha maumivu. Hapo ndipo hatari ilipo: tukishapata sababu ya maumivu, tunaacha kutafuta nyingine.

Kwetu sababu hizo hazikosekani. Mtoto akishika tumbo tunasema mchango, au nzoka. Tunasema amekula maembe mabichi, au anakwepa shule. Akiwa na homa tunasema malaria. Yakizidi, kuna atakayesema katupiwa kitu na jirani, na hapo siku mbili zinapotea kwa mganga, pengine na bibi wa watu anaanza kuangaliwa vibaya.

Mimi mwenyewe niliponea chupuchupu. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Tumbo lilianza kuuma karibu na kitovu usiku wa Jumapili. Nikapewa dawa ya maumivu, nikaambiwa ninywe maji mengi. Jumatatu maumivu yalishuka kulia chini, nikawa natembea nimejikunja. Nikapewa dawa tena. Jumanne mwalimu mmoja wa zamu aliniona nashindwa kupanda ngazi tatu za bwalo, akanipakia kwenye pikipiki yake. Daktari aliyenipasua alimwambia mama kuwa tungechelewa hadi kesho yake angekuta mambo mengine.

Dalili za kuangalia

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kilichoshikana na mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia chini. Kikiziba, kinavimba na kujaa usaha. Kisipotolewa, ndani ya siku mbili tatu kinaweza kupasuka na kuchafua tumbo lote. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wakubwa na vijana, lakini hata mtoto mdogo unaweza kumpata, na kwake kidole huwahi kupasuka kwa sababu hajui kueleza anachosikia.

Mara nyingi huanza hivi:

- Maumivu yanaanzia karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa yanahamia kulia chini.
- Mtoto anakataa chakula, hata kile akipendacho.
- Anatapika, na mara nyingi maumivu ndiyo yaliyotangulia.
- Anapata homa, ambayo mwanzoni huwa si kali.
- Anatembea amejikunja, na ukimwambia aruke hataki au analia.

Kuna dalili moja inayodanganya. Maumivu yakikatika ghafla baada ya kuwa makali, kisha tumbo zima likawa gumu na homa ikapanda, usishukuru. Inawezekana kidole kimepasuka. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Mambo ya kuepuka ni haya. Usimpige bomba, yaani kumwingizia dawa kwa njia ya haja kubwa. Usimpe dawa ya kuharisha. Usimkande wala kumchua tumbo. Usimlazimishe kula, kwa sababu akihitaji upasuaji ni vizuri tumbo liwe tupu. Na usimpe antibaiotiki zilizobaki kabatini, maana zinaweza kuficha dalili bila kutibu.

Ukifika zahanati, eleza maumivu yalianzia wapi na yamehamia wapi, kisha uliza waziwazi: inaweza kuwa kidole tumbo? Kipimo cha malaria kikionyesha anayo, bado taja tumbo. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Zahanati haifanyi upasuaji, kwa hiyo ukipewa rufaa usirudi kwanza nyumbani kusubiri baba atoke machimboni. Mpigie simu akukute njiani.

Kwa mtoto wa kiume, muulize pia kama korodani inauma. Wavulana wengi huona aibu wakasema tumbo, kumbe korodani imejisokota. Hiyo haisubiri hata saa sita.

Houdini alikuwa na bahati mbaya moja zaidi. Penisilini iligunduliwa London mwaka 1928, miaka miwili baada ya kifo chake, na ilianza kutumika kwa wingi miaka ya 1940. Leo mtoto wa Samuye akifikishwa mapema kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, ana nafasi nzuri kuliko aliyokuwa nayo mtu maarufu kuliko wote Detroit.

Mchezo wa kamba

Watoto watacheza tu. Ukikataza kabisa watakwenda kuchezea nyuma ya nyumba. Pale kwetu tumewawekea masharti, na nawe unaweza kuyachukua. Kamba haipiti shingoni wala kifuani, wala haikazwi. Mfuko wa plastiki hauvaliwi kichwani kwa sababu yoyote. Hakuna kuingia kwenye sanduku, pipa, gari bovu au jokofu lililotupwa, maana milango ya vitu hivyo haifunguki kwa ndani. Anayefungwa akisema “basi”, anafunguliwa palepale bila kuzomewa. Na kupiga mtu ngumi ya tumbo “kupima misuli” ni marufuku.

Sharti la mwisho ni mashimo. Kuanzia Kahama hadi Geita kuna mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi, na mtoto aliyemwona mtu akifukiwa kwenye video anaweza kuona shimo ni jukwaa.

Hapo niliwakumbusha watoto habari ya mkoa wetu wenyewe. Oktoba 2015, katika mgodi wa Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji sita walifukiwa chini ya ardhi. Mmoja alifariki humohumo. Watano walitolewa hai Novemba 15, baada ya siku 41. Walikuwa wakila vyura, mende na wadudu wengine, na kunywa maji yaliyochuruzika kwenye miamba. Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walifukiwa na wote wakatolewa hai baada ya siku tatu.

Hawa hawakuwa na ufunguo uliofichwa wala pazia. Walipata hewa na maji, walikuwa pamoja, na juu kulikuwa na watu waliokuja kuwachimbua. Baba wa mmoja wa wale watoto watatu ni mchimbaji. Nilipomaliza kusimulia, mtoto huyo aliuliza kama baba yake huwa anaingia shimoni na mwenzake. Nilimwambia amuulize akirudi. Naamini atauliza.

Jumapili usiku

Siku iliyofuata, muda wa kulala, mtoto wa kaka alikuja chumbani kwangu ameshika tumbo.

“Shangazi, naumwa hapa.” Alionyesha katikati.

Nilimuuliza tangu saa ngapi. Nikamgusa kulia chini, nikamuuliza kama kunauma zaidi, akasema hapana. Nikamwambia aruke. Aliruka mara tano, ya sita akaanza kucheka. Bibi yake akauliza kutoka sebuleni ni nani amemaliza maembe mabichi yaliyokuwa kwenye beseni.

Hatukumcheka. Tulimwambia amefanya vizuri kusema, na kwamba yakihama au yakizidi aje kuniamsha saa yoyote. Alilala mpaka asubuhi. Mimi niliamka mara mbili kumwangalia.